Embe Lililokuwa Likitabasamu

Tangu nianze kukagua lebo za bidhaa za bangi hapa Toronto, hakuna kazi iliyonifikirisha kuliko ile ya peremende zenye ladha ya embe. Mchoraji alikuwa ameweka kwenye pakiti embe lenye macho makubwa na tabasamu, picha nzuri kweli, nami nikairudisha siku hiyohiyo, kwa kuwa Sheria ya Bangi ya Kanada, iliyoanza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018, inakataza kifungashio au tangazo lolote linaloweza kuwavutia watoto na vijana.

Wateja wengi hudhani kwamba alama nyekundu yenye pembe nane, yenye picha ya jani na herufi THC (jina fupi la kemikali ya bangi inayolevya), pamoja na onyo la kiafya katika kisanduku cha njano, vinatosha. Havitoshi. Pakiti ya bangi ya kuliwa hairuhusiwi kuzidi miligramu 10 za THC, maandishi yanayotakiwa kisheria huwekwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na kifungashio lazima kiwe kigumu kwa mtoto kukifungua. Katika matangazo, ushuhuda wa mtumiaji umekatazwa, hata ukiwa wa kweli, na vivyo hivyo sura ya mtu maarufu.

Mwenye bidhaa alilalamika kwamba pakiti yake imeondolewa mvuto. Nilimweleza kwamba mtoto wa miaka minne hasomi onyo, bali hutazama picha, na peremende hizo zikiwa juu ya meza ya jikoni hazitofautiani machoni pake na zile anazonunuliwa dukani.