Methili imehama, frikwensi hasi imebaki moja!

Jamani hatimaye! Hali ya mpito (kilele cha njia ya mmenyuko, ambapo frikwensi hasi ya mtikisiko inatakiwa iwe moja tu) ya trimethilsalfoniamu na amonia imekaa sawa, ukiichezesha kwenye Avogadro, programu ya kutazama molekuli, unaiona CH3 inaachana na salfa inaelekea nitrojeni, haidrojeni zake tatu zinalala bapa pale katikati halafu zinageukia upande wa pili. Raha tupu.

Salfoniamu hii ni SAM (S-adenosilimethionini, molekuli inayogawa methili ndani ya seli) niliyoipunguza, nimebakiza salfa yenye chaji chanya ikiwa na methili tatu tu, maana SAM nzima laptopu yangu haiwezi.

Sasa kilichonitesa. xtb, programu ya hesabu za haraka za kukadiria, ilinipa njia ya kuanzia haraka sana, NEB (mbinu ya kutafuta njia ya mmenyuko) ya ORCA, programu ya kemia ya kwanta, ikapanda mpaka kileleni bila matata, ila nikipiga frikwensi zinakuja hasi mbili. Ile kubwa ndiyo methili yenyewe inahama, sina neno nayo. Ile ndogo, chini ya 50 cm⁻¹, haitoki! Nimekaza optimaizesheni, ipo, nimeongeza gridi (nukta za kukokotolea elektroni), ipo, usiku mzima feni inapiga kelele asubuhi naikuta ipo vilevile, inakera mno. Mwisho nikaacha kutazama namba nikaangalia mtikisiko wenyewe polepole, kumbe ni amonia inazunguka kwenye mhimili wa N–C–S. Haidrojeni zake zilikuwa zimeelekeana uso kwa uso na za methili, na kwa ulinganifu ule hakuna nguvu ya kuisukuma upande wowote, kwa hiyo optimaiza inaona pametulia. Nikaizungusha amonia digrii 60 kwa mkono ili zipishane, nikaran upya, ikabaki hasi moja tu! Kwa tatizo la namna hii gridi kubwa haisaidii kitu.

Inputi mimi naandika kwa mkono kwenye faili la maandishi na sibadiliki, ila mitikisiko lazima uitazame kwa macho.

Nilipanga nifuatishe na maji, lakini hesiani (jedwali la jinsi nishati inavyojipinda atomi zikisogea, ndiko frikwensi zinakotoka) si ninayo tayari? Kubadilisha H kuwa D, yaani haidrojeni nzito, ni masi tu, elektroni hazihusiki. Mwaka 1979 Hegazi, Borchardt na Schowen walipima kwenye COMT, enzaimu inayohamisha methili kutoka SAM, wakapata kCH3/kCD3 (kasi ya methili ya kawaida kwa ile ya methili yenye D) ya 0.83, yaani methili nzito ndiyo inahama haraka zaidi! Nataka nione bila enzaimu yoyote mimi nitapata ngapi. Skripti ya Python ya masi nimeshaianza, maji yatasubiri.