Ng'ombe sifuri

Jana jioni mwanangu, yule wa kidato cha pili, alinisukumia kaunta buku yake mezani pamoja na biki nyekundu. "Baba, nirekebishie tu. Usinieleze." Mama yake alikuwa anakaanga dagaa, harufu imeingia hadi kwenye mapazia. Nikaishika ile biki, nikaizungusha, nikamwambia aniachie mpaka kesho, macho yananiuma. Hayakuwa yananiuma.

Ni Kabula, niliyewahi kumfundisha. (Si jina lake. Kwa Kisukuma Kabula ni msichana aliyezaliwa wakati wa mvua, naye alizaliwa kwenye mvua, kwa hiyo sikumwonea.)

Ilikuwa 2008, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, na pale nyumbani Kirumba, Mwanza, wameshachoka kuniona nimelala mpaka saa nne. Nikafungua tuisheni ya Kiingereza uani, chini ya lile jiwe. Ubao ulikuwa kipande cha plaiwudi nilichokipaka makaa ya betri. Shilingi 200 kwa jioni, asiye nayo anakaa nyuma. Shule za kata zilikuwa zimefumka kila mahali, walimu hawatoshi, na watoto waliosoma miaka 7 kwa Kiswahili walikuwa wanaamka kidato cha kwanza wanakuta hata baiolojia inaongea Kiingereza. Mimi sikuwa mwalimu. Nilikuwa na ulimi mwepesi na noti za kaka yangu, na mtaani kwetu hivyo vilitosha.

Wengine nimewasahau. Kabula alikuwa anakuja kwa mwezi, na nasema mwezi wa angani. Mama yake alikuwa mtu wa dagaa, na dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka karabai hazina kazi, mitumbwi inalala, Kabula anakuja tuisheni. Giza likirudi, ziwa linawaka taa kama mji mwingine umeota kwenye maji, na yeye namkosa: alfajiri yuko ufukweni anapokea dagaa, anaanika, anageuza, anafukuza ndege, ndipo akimbilie shule, na jioni hajiwezi kwa usingizi. Niliwahi kumwambia aheshimu ratiba. Akaniangalia tu.

Mbalamwezi moja akaja na swali la shuleni. Kwenye tamthilia ya Wole Soyinka, The Lion and the Jewel, kuna mwalimu wa kijijini, Lakunle, anayemtaka Sidi lakini hataki kutoa mahari. Anasema ni ushenzi. Sidi naye hataki kusikia ndoa isiyo na mahari, watu watasema hakuwa bikira. Nani ana haki? Kurasa mbili. Kitabu darasani kwao walikuwa wanakigombea, yeye aliazimwa kwa usiku mmoja, akakisoma chote, jambo ambalo mimi ticha sikuwa nimelifanya. Nilikuwa na noti.

Kiingereza chake kilikuwa kimepinda kama sato aliyekaangwa mzima. Lakini katikati ya ukurasa wa kwanza aliandika maneno ambayo kwa Kiswahili ni hivi: Baba alinihesabu. Mimi ni ng'ombe 12. Lakunle anasema mimi ni ng'ombe sifuri, halafu anataka nishukuru. Sidi ana haki, ila hata yeye hatawakamua hao ng'ombe.

Nikasoma. Nikacheka kidogo, kwa pua. Nikapiga mstari mnene kutoka pembe hadi pembe, biki ikatoboa karatasi. Pembeni nikaandika: nje ya mada. Kisha nikamtajia aya kutoka kwenye noti, ile ya mahari kumdhalilisha mwanamke wa Kiafrika, kwanza, pili, tatu, kwa kuhitimisha, naye akaandika. Alikuwa na mwandiko wa mviringo, wa kutulia. Magamba ya dagaa yalikuwa yamemganda kwenye vidole, kila akivuka mstari yanametameta. Alipomaliza akafunga daftari, akaweka biki juu yake, akaisogeza mpaka ikanyooka sawasawa na ukingo. Akauliza bila kuinua uso:

"Kaka, ile ya ng'ombe umeikata kwa sababu ya grama, au kwa sababu si kweli?"

Siku zote alikuwa ananiita ticha. Kule nyuma wavulana wawili walikuwa wanachora mchezaji mpira. Redio ya jirani ilikuwa kwenye matangazo ya vifo. Mwezi ulishapanda juu ya jiwe, mweupe mpaka chemli yetu ikawa inajichosha bure. Nilikuwa na miaka 21 na jibu nilikuwa nalo. Makosa ya grama yalikuwa matatu, ya nusu dakika, na sikuikata kwa hayo. Niliikata kwa sababu sikuwa na pa kuiweka. Noti zilikuwa na kwanza, pili na tatu, ng'ombe hazikuwa nao. Na mwaka uliotangulia tulipokea mahari ya dada yangu palepale uani. Sikumbuki kama niliita udhalilishaji. Nakumbuka supu.

"Grama," nikasema.

"Haya."

Insha ilipata 15 kwa 20. Mwezi ukapungua, Kabula akarudi kwenye dagaa wake, mimi Oktoba nikaenda chuo. Niliporudi likizo nikaambiwa wamehama, mmoja anasema Ukerewe, mwingine anasema Geita. Kama walifuata dagaa au yeye alifuata ng'ombe, sikuuliza. Nilikuwa na safari zangu.

Ila kabla giza halijarudi, wiki ileile ya insha, alipita nyumbani mchana mimi sipo, akaacha rambo la dagaa wakavu. Mama akawamwaga kwenye ungo, akawapepeta, akachambua, akaokota mmoja akamtafuna mbichi hivyohivyo, akisikiliza kwa meno.

"Hawana mchanga hata chembe," akasema. "Huyu mtoto unamfundisha nini?"

"Kiingereza."