Nilivyofanikiwa kupiga picha za treni stesheni ya Kigoma

Picha zangu sitini na kitu za kwanza pale stesheni ya Kigoma nilizifuta karibu zote. Jengo lilitoka safi, jeupe pee kama lilivyo, lakini kichwa cha treni kilichosimama kando yake kilitoka doa jeusi tu. Hata namba ya ubavuni haikusomeka.

Woga ulichangia. Nilikuwa napiga kwa kuibia, simu nimeibana kifuani, nabonyeza na kutokomea. Siku moja askari akanikuta nimechuchumaa katikati ya reli, eti natafuta engo. Alinitoa pale mkukumkuku, na sikuwa na la kujitetea.

Kesho yake nikachomekea shati, nikaenda kwa mkuu wa stesheni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una shida gani?"

Nikamweleza, nikamwonyesha na picha mbili tatu zilizobaki. Akazitazama, akacheka. "Sasa hapa umepiga nini, mwanangu?" Ruhusa alinipa, kwa masharti: nisishuke relini, nisikae ukingoni mwa jukwaa treni inapoingia, na usiku nisimwashie dereva flashi usoni. La mwisho hilo sikuwahi hata kulifikiria.

Weusi nao ulikuwa na dawa rahisi. Simu ikiona ukuta mweupe hudhani kuna mwanga wa kupindukia, inapunguza, na kichwa cha treni kinazama gizani. Sasa nagusa kioo pale penye kichwa chenyewe, nashikilia mpaka ifunge, ndipo napiga. Ukuta unaungua kidogo, yaani unazidi weupe. Na uungue, sikuja kupiga ukuta.

Halafu jua. Huku magharibi linachelewa kuzama kuliko lile la Dar es Salaam kwa dakika 40 hivi, ingawa saa zetu ni zilezile. Saa kumi na mbili jioni, wenzangu wa Dar wanapojiandaa kufungasha kamera, mimi bado nina mwanga mtamu wa ubavuni unaoonyesha kila ribiti.

Kigoma ina raha nyingine: reli inaishia hapa. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha ziwani 1914, na mbele ya hapo ni maji. Treni ya abiria ikifika, kichwa kinakatwa, kinapita njia ya pembeni, kinakuja kushika mabehewa upande wa pili. Kazi hiyo haina haraka. Mtu wa pointi, yule anayebadili njia za reli, anatembea, anapunga mkono, kichwa kinasogea, kinasimama. Wewe umetulia jukwaani unapiga utakavyo.

Lakini niliyoitamani hasa ni picha ya kuondoka, na ule moshi mweusi. Mara tatu niliukosa kwa sababu nilisubiri mwendo ukolee. Fundi mmoja mstaafu, jirani yetu mtaani Mwanga, hapahapa Kigoma, ndiye aliyenifumbua macho. "Mafuta yanawahi, hewa inachelewa," aliniambia. Dereva akiongeza moto, dizeli inaingia papo hapo, lakini turbo inahitaji muda ichanganye ndipo isukume hewa ya kutosha. Moshi mzito unatoka katikati hapo. Ikishakolea, unapungua. Kumbe nilikuwa nasubiri wakati wenyewe umeshapita.

Jioni ya mara ya nne sikungoja magurudumu. Honi ilipolia nikainua simu, na injini ilipobadili sauti nikabonyeza mfululizo. Katika picha 14, moja ilikubali: moshi umesimama wima juu ya kichwa, namba inasomeka, na pembeni mama mmoja kakumbatia ndoo ya mawese, anaangalia juu.

Niliisafisha nikampelekea yule fundi. Akavaa miwani, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama kitambo. Nikangoja sifa.

"Huyu dereva kavuta kwa pupa," akasema, akanirudishia.