Mapendekezo Yaliyokataliwa

Wiki hii nimekuwa nikisoma mapendekezo ya kuiboresha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, maarufu kwa kifupi cha PEP, na yaliyokataliwa yamenivutia kuliko yaliyopitishwa. Utaratibu huo ulianza mwaka 2000, na waraka wake wa kwanza, PEP 1, unamtaka mwandishi aeleze hoja zake, na pia aweke kwenye kumbukumbu maoni ya wanaompinga.

Chukua PEP 3103. Guido van Rossum, mwasisi wa Python, aliiandika mwaka 2006 akipendekeza kauli ya switch, inayochagua hatua ya kufuata kulingana na thamani fulani, ambayo lugha nyingine nyingi zilikuwa nayo tangu zamani, akachambua kwa subira namna mbalimbali za kuiunda. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa PyCon, aliwauliza waliohudhuria hotuba yake, akaona pendekezo halina wa kuliunga mkono, akalikataa mwenyewe. Tangazo la kulikataa lina sentensi mbili tu, tena limewekwa juu kabisa, na uchambuzi wote umeachwa chini yake kama ulivyokuwa. Kauli ya match, inayofanya kazi kama hiyo, ilipoingia katika Python 3.10 mwaka 2021, ikiwa na upeo mpana zaidi, mjadala wa awali ulikuwa bado unasomeka.

Katika mradi mdogo wa programu huria ninaouchangia, historia ya msimbo imejaa maelezo kama "marekebisho madogo". Msimbo unaonyesha tulichochagua, lakini hauwezi kuonyesha tulichokiacha. Mgeni akiuliza kwa nini tarehe zinahifadhiwa kama maandishi, jibu analo mtu mmoja ambaye siku hizi hapatikani kwa urahisi.

Sidai kwamba maandishi huzuia ugomvi. PEP 572, iliyopendekeza alama ya kuipa kigeu thamani katikati ya usemi, ilizua mabishano makali kiasi kwamba Van Rossum, baada ya kuipitisha, aliachia uongozi Julai 2018. Hata hivyo, mifumo ya kumrithi nayo iliandikwa kama mapendekezo, ikapigiwa kura, na PEP 8016 ikaleta baraza la watu 5. (Kwa maoni yangu, huo ndio ushahidi mzito kuliko wote wa faida ya kuandika.)

Nimependekeza kwetu ukurasa mmoja kwa kila uamuzi unaowagusa watumiaji, wenye sehemu ya lazima ya njia zilizokataliwa na sababu zake. Mtunzaji mwenzangu amekubali kwa sharti kwamba kurasa hizo zikae pamoja na msimbo na zikaguliwe vilevile, kwa kuwa zikiwekwa kwingine, baada ya miezi michache hakuna atakayezigusa.