Nilivyohamisha seva za Debian kutoka sysvinit kwenda systemd bila kufungiwa nje

Ushauri niliopewa kila nilipouliza jinsi ya kubadili init (programu ya kwanza kuwaka, inayoanzisha huduma nyingine zote) kutoka sysvinit ya zamani kwenda systemd ni uleule: pandisha Debian (aina ya Linux) kutoka toleo la 7 kwenda la 8 lenye systemd, ristati, ikiharibika sakinisha upya. Huo unamfaa mwenye mashine mezani. Seva zangu ziko mbali, mlango wangu ni SSH (njia ya kuingia kupitia mtandao) tu, na systemd ikikwama kabla ya SSH kuwaka sina pa kuingilia.

Kwa hiyo kabla ya kupandisha toleo nilizuia kifurushi cha systemd-sysv, maana hicho ndicho kinachobadili /sbin/init. Kifurushi cha systemd chenyewe hukaa na sysvinit-core, yaani init ya zamani, bila ugomvi. Mistari mitatu katika faili ndani ya /etc/apt/preferences.d/ inatosha:

Package: systemd-sysv
Pin: release o=Debian
Pin-Priority: -1

Toleo likapanda, init ikabaki ya zamani.

Sasa mbinu ninayojivunia. Nilinakili kipengele cha kwanza cha menyu ya GRUB (programu inayowasha kerneli, yaani kiini cha Linux) kutoka /boot/grub/grub.cfg, nikakibandika mwishoni mwa /etc/grub.d/40_custom, nikakiita "jaribio", na kwenye mstari wa kerneli nikaongeza init=/lib/systemd/systemd. Ndani ya /etc/default/grub niliweka GRUB_DEFAULT=saved, kisha update-grub, grub-set-default 0, na mwisho grub-reboot jaribio. Amri hiyo ya mwisho huchagua kipengele kwa uwashaji mmoja tu. Mashine ikigoma, fundi wa zamu anakata umeme na kuurudisha, nayo inaamka na sysvinit. Hahitaji kibodi wala nywila. Lakini kama /boot yako iko kwenye LVM au RAID ya programu (mbinu za kuunganisha diski), usijaribu hivi: GRUB haiwezi kuandika grubenv, faili inayotunza chaguo, humo, chaguo halifutiki, na kila ukiwasha unaangukia jaribio lilelile.

Na kweli uwashaji wa kwanza ulikwama. Fstab (orodha ya diski za kupachika) ilikuwa na mstari wa diski iliyong'olewa zamani, wenye 0 mwishoni, hivyo sysvinit haikuikagua. Ilishindwa kuipachika, ikalalamika, ikaendelea. Systemd haina uvumilivu huo: ilisubiri sekunde 90, ikaingia hali ya dharura, mtandao haukuwaka. Umeme ukakatwa, seva ikarudi. Mstari huo niliufuta, na diski zote zisizo za lazima nikaziongezea nofail, ili zikikosekana zisizuie uwashaji.

Kilichonisumbua baadaye ni skripti za kujitungia. Huduma inayojipeleka yenyewe nyuma ya pazia, ukiiandikia Type=simple katika unit (faili inayoeleza huduma kwa systemd), systemd huona mchakato mzazi umetoka, huhesabu kazi imekwisha, na kuua watoto waliobaki. Weka Type=forking pamoja na PIDFile (faili yenye namba ya mchakato), au bora zaidi iendeshe mbele. Wanaokwambia uongeze kikomo cha faili zinazofunguliwa katika /etc/security/limits.conf wanakupotosha: faili hiyo ni ya wanaoingia kupitia PAM (mfumo wa kuthibitisha watumiaji), huduma haziisomi. Tumia LimitNOFILE ndani ya unit. /etc/inittab, faili ya mipangilio ya sysvinit, nayo haisomwi tena. Konsoli ya serial huwashwa kwa systemctl enable serial-getty@ttyS0.service.

Seva ilipowaka safi na kila huduma ikajibu, niliondoa kizuizi, nikaendesha apt-get install systemd-sysv, ambayo huondoa sysvinit-core, nikaristati. Amri ya ps -p 1 -o comm=, inayotaja mchakato wa kwanza, ikajibu systemd. Kifurushi cha sysvinit nilikiacha palepale, kwa kuwa katika Debian 8 kinabeba /lib/sysvinit/init, na kipengele changu cha GRUB sasa kinaelekea huko.