Kumbe shida ilikuwa redio

Jamani, gari langu lilikuja toka Japani na redio isiyopanda zaidi ya 90 FM. Stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, basi mwaka mzima chwaaa tu! Jana nikampelekea fundi, Ngamiani hapa Tanga. Kafungua mlango, katoa spika ya kiwandani: karatasi tupu, imechanika pembeni, nyepesi kama kikombe cha kahawa. Nikacheka.

Tumeweka redio mpya, spika za inchi 6.5, na amplifaya ndogo chini ya kiti. Waya kauvuta toka kwenye betri yenyewe, fyuzi kaibana hapo hapo karibu na betri. Nikajua huyu kazi anaijua.

Kurudi Raskazone, taarabu ile ile, leo nasikia hadi nyuzi za kanuni, ile ala ya taarabu, zikidonolewa. Mama watoto huko nyuma: "Baba, punguza basi!"