Mjomba ameuliza zimamoto wananilipa ngapi

Juzi niliweka picha kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp, nimevaa sare ya zimamoto. Mjomba wangu wa Igogo, Mwanza, akaandika mbele ya wote: "Mjomba, hiyo kazi wanakulipa ngapi kwa mwezi?" Nikamjibu silipwi, ni ya kujitolea. Akarudi: "Umepanda ndege mpaka Ujerumani kufanya kazi ya bure? Si ungebaki Mwanza uzime za huku." Watu wakacheka kundi zima. Mimi imeniuma, na kwa heshima zote namjibu hapa kwa urefu, kwa sababu najua wanaowaza kama yeye ni wengi.

Ninaishi mji mdogo wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Mtu aliyeko nyumbani anadhani huku kila kona kuna askari wa zimamoto wa mshahara wanaosubiri simu. Hao wapo miji mikubwa kama München, Hamburg na Berlin. Kwingine kote, anayekuja kuokoa nyumba yako ni fundi bomba, mwalimu, muoka mikate au mfugaji wa ng'ombe. Nchi nzima wanaojitolea hivi wanakaribia milioni moja. Ukipiga 112, namba ya dharura ya huku, saa nane usiku, kifaa kinalia kitandani kwa jirani yako, anaamka na kukimbilia kituoni. Hapa Bavaria vituo vimepangwa ili gari lifike ndani ya dakika 10 tangu taarifa ipokelewe, na dakika hizo zinahesabiwa kweli.

Mimi niliombwa na jirani. Alisema mchana wanapungukiwa watu, kwa kuwa wengi wanafanya kazi miji mingine, ila mimi karakana ya mbao ninayofanyia kazi ni hapahapa. Hakuniuliza pasi yangu ni ya nchi gani. Aliuliza kama afya ni nzuri na kama nitakuja mazoezini.

Mara ya kwanza kengele ilipolia nikiwa kazini, nilimtazama bosi nikitegemea mdomo mrefu. Yeye mwenyewe akazima mashine yangu, akasema nenda. Mwisho wa mwezi mshahara ulikuwa kamili. Sheria ndiyo inavyosema: mwajiri haruhusiwi kukukata, na kama ni mtu binafsi anadai fidia halmashauri. Sasa wewe uliyeajiriwa dukani pale Makoroboi, jaribu kutoka saa nne asubuhi ukazime moto wa watu usiowajua, halafu urudi saa nane. Majibu unayo.

Mafunzo si mchezo. Ni jioni baada ya jioni, na Jumamosi pia: ngazi, mafundo ya kamba, redio, kuvuta mipira ya maji, huduma ya kwanza. Kuingia kwenye moshi na mtungi wa hewa mgongoni kuna kozi yake na daktari wake, na ndevu unanyoa, kwa sababu barakoa lazima ishike ngozi hewa chafu isipenye. Sare, buti na kofia sikununua hata kimoja. Bima ipo: nikiumia nikiwa kazini kwao, natibiwa na kulipwa. Moto wenyewe si mwingi kama unavyodhani. Mara nyingi ni mti umeanguka barabarani, maji yamejaa chini ya nyumba, gari limegongana na dereva amebanwa.

Na faida nimeipata, mjomba, tena kubwa. Huku kupata nyumba ya kupanga ni vita, na jina la kigeni linakurudisha nyuma kwenye foleni. Nyumba ninayokaa sasa nilitafutiwa na kamanda wetu, ambaye alimpigia mwenye nyumba mwenyewe. Kodi yake ya mwezi mmoja, Buhongwa ungekaa mwaka na chenji ikabaki, lakini nimeipata.

Vijana mnaoniuliza inbox: kujiunga zimamoto hakukupi kibali cha kuishi, asikudanganye mtu. Njoo na kazi yako au masomo yako, karatasi zako zikiwa safi. Na Kijerumani jifunze kabla hujapanda ndege, maana ndani ya moshi hakuna atakayekurudishia amri mara ya pili.

Nirudi kwenye "ungezima za huku", ndilo lililonikaa zaidi. Sisi Wasukuma kukimbilia matatizo ya mwenzetu hatukufundishwa na Mzungu. Mwano, yaani yowe la kuomba msaada, ukipigwa usiku, mwanaume anayebaki kitandani anaulizwa kesho yake, na faini anatozwa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, Jackson Majaliwa, alisifiwa kwa kusaidia kufungua mlango kwa kasia. Watu 24 wakaokolewa, 19 wakafa. Baadaye serikali ilimchukua Majaliwa kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na ilikuwa haki yake.

Kwa hiyo moyo tunao. Kinachotuua ni kutojua. Wazee wa Mwanza bado wanasimulia ya MV Bukoba, Mei 21, 1996: meli imepinduka, watu wanagonga kutoka ndani, ikatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, ikazama nao. Waliofanya vile walitaka kuokoa. Makaburi yapo Igoma.

Angalia tunavyoishi. Mabatini, Igogo, kule juu kwenye mawe, jeneza linashushwa kwa mabega kwa sababu gari halipandi. Gari la zimamoto litapanda wapi? Piga 114 ya zimamoto, sawa, na upige mapema, lakini dakika 10 za kwanza ni za majirani, Igogo kama Bavaria. Katika majirani hao, nani anajua kwamba mafuta ya kukaangia yakiwaka unafunika sufuria kwa mfuniko na hugusi maji? Nani anakata umeme kwanza kabla ya ndoo? Mtaa mmoja ukiwa na vijana kumi waliofundishwa na askari wa zimamoto, wenye ngazi, kamba na mahali pa maji panapojulikana, hapo tumeanza. Balozi wa nyumba kumi anatosha kuwaandikisha.

Nimeongea na kamanda wetu. Mipira yao ikizeeka kidogo wanaitoa, na iliyo mizima bado amekubali nichukue. Tatizo ni viungio. Ya huku ni aina ya Storz, upana wa milimita 75 na 52, na ikifika Mwanza isiposhikana na bomba la kule itaishia kufungia mbuzi. Mwenye ndugu au rafiki kituo cha zimamoto Mwanza amuulize wanatumia kiungio gani, anipigie picha yake pembeni kukiwa na rula. Na mwenyekiti wa mtaa atakayekubali kuitunza stoo aniambie funguo zitakaa kwa nani usiku. Mjomba, hilo la funguo nakuomba wewe uliulizie Igogo.